Asali ya Shangazi, Paketi za Kaka

Asali ilifika Tanga kwa basi, ndani ya dumu la lita tano lililofungwa mdomo kwa nailoni na mpira wa baiskeli. Shangazi alikuwa anatoka Tabora kuja kumjulia hali mama, na asali ile, alituapia, ilitoka kwenye mizinga ya magome porini Sikonge, haijaguswa na maji wala sukari. Mama alikuwa na miezi miwili tangu aambiwe kliniki kwamba ana kisukari. Kopo la sukari lilikuwa limepandishwa juu ya kabati, mahali asipofika bila kigoda, na kila asubuhi alikunywa chai ya rangi kavu huku amekunja uso kama mtu anayemeza klorokwini.

"Wifi, tia asali unywe," shangazi akamwambia. "Asali haina neno. Hii dawa, tena kitu cha asili. Sumu ni ile sukari yao ya kiwandani."

Mama alinitazama. Sikuwa na la kupinga, kwa sababu nami niliamini hivyohivyo. Akatia vijiko vitatu, akakoroga, akanywa polepole kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili nikaiona sura yake ya zamani ya saa ya chai.

Kabla ya kunywa, glukometa ilikuwa imesoma 7.9. Saa moja na nusu baadaye nilimchoma tena: 14.2. Tukasema kipimo kimekosea. Tukachukua kijiti kipya, kidole kingine, upande wa pembeni kama nesi alivyotufundisha: 14.0. Siku nyingine, kwa muhogo uleule na chai kavu, namba ilikuwa haivuki 10. Shangazi alikaa kimya kwa muda, kisha akalivuta dumu lake, akaufunga ule mpira upya, mizunguko mingi kuliko ya mwanzo.

Huikumbuka asubuhi ile kila ninaposikia watu wakibishana juu ya vibadala vya sukari. Wapo wanaosema vya dukani vyote vinaleta saratani, kwa hiyo tukimbilie vya asili. Wapo wanaosema vya dukani havina kalori hata moja, kwa hiyo mtu ajimiminie atakavyo. Wote wawili wamekwisha kukaa mezani kwetu, na wote wawili walimpoteza mama njia.

Nianze na asali, maana ndiyo yenye heshima kubwa. Kwa Mwislamu ina shifaa, hilo halina mjadala, na hata asiye Mwislamu amewahi kulambishwa kwa ajili ya kikohozi. Lakini asilimia 80 hivi ya asali ni sukari, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Nyuki amekwisha kuivunja sukari ya maua ikawa glukosi na fruktosi, tayari kuingia kwenye damu. Tena asali ni nzito. Kijiko kidogo cha chai kikijaa asali kina uzito wa gramu 7 hivi, na karibu 6 kati ya hizo ni sukari. Kijiko hichohicho cha sukari nyeupe ni gramu 4. Vijiko vitatu vya shangazi vilikuwa sawa na vijiko vinne na zaidi vya sukari ile tuliyoificha juu ya kabati. Ni kweli asali huonekana tamu zaidi ulimini, kwa hiyo mtu angeweza kutia kidogo. Sijaona mtu anayetia kidogo kitu alichokwisha kuambiwa ni dawa.

Sukari guru nayo iko hivyohivyo. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda, na ule weusi wake una chembe za madini ambazo kiwanda cha sukari nyeupe huziondoa. Chembe hizo ni chache mno. Anayezitaka atazipata kwenye mchicha na dagaa bila kulipia gharama ya sukari. Shangazi, ambaye kwao ni Pangani, hakupenda kusikia hili. Amekulia kwenye hadithi za mashamba ya miwa ya bonde lile, mashamba ya karne ya 19 yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, likiwemo shamba la Abushiri mwenyewe aliyekuja kupigana na Wajerumani mwaka 1888. Kwake sukari guru ni kumbukumbu ya nyumbani. Naielewa kumbukumbu hiyo, lakini kongosho la mama haliijui.

Tende na matunda yana habari yake. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari zinazoongezwa kwenye chakula, pamoja na zile zilizo ndani ya asali, sharubati na juisi ya matunda, zisivuke asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo katika hesabu hiyo. Embe linalotafunwa huja na nyuzinyuzi zake, linashibisha, na mtu hali manne kwa mkupuo. Yageuze maembe manne kuwa juisi, utayanywa kabla dakika mbili hazijaisha. Tende ni tunda, na tatu za kufuturu hazimdhuru mtu mzima mwenye afya, lakini tende kavu karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Sinia la tende si mahali pa mgonjwa kupozea hamu.

Na kabla sijaiacha asali: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe, hata kidogo, hata iwe safi namna gani. Asali huweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kukizuia. Huota humo ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli, ile ya kupumulia ikiwemo. Hata asali isiyochakachuliwa, iliyotoka moja kwa moja porini, huweza kuwa nazo.

Kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliposikia yaliyotokea alituma boksi. Ndani yake mlikuwa na paketi 100 ndogo, kila moja gramu moja tu, unga mweupe mwepesi kama wanga. Mama aliupokea kwa shaka, akachana mbili, akazimimina kwenye birika lililokuwa linatokota jikoni, akaliacha lichemke na majani na tangawizi kama ilivyo desturi yake. Chai ilitoka chapwa. Akaongeza mbili nyingine, ikawa vilevile. "Hii sukari ya uongo," akasema, na paketi zikakaa wiki nzima bila kuguswa.

Nilipoisoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ndipo nilipoelewa. Kilichomo ni aspatemu, na aspatemu haistahimili moto wa muda mrefu. Ikichemka huvunjika na utamu unaondoka. Hutiwa kikombeni, chai ikishamiminwa. Jambo dogo, lakini wangapi wameongeza paketi juu ya paketi kwa sababu hawakuambiwa?

Aspatemu ina utamu wa mara 200 hivi kuliko sukari, ndiyo maana paketi nzima inahitaji miligramu 35 hadi 40 tu. Zilizobaki ni unga wa kujazia. Ugunduzi wake ulikuwa wa bahati. Mwaka 1965, James Schlatter, mkemia wa Marekani, alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili aokote karatasi, akakuta kitamu. Ukizisoma habari za vitu hivi utashangaa namna vingi vilivyopatikana kwa mikono michafu. Sakarini, mzee wao, ilipatikana mwaka 1879 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pale Constantin Fahlberg alipoketi kula bila kunawa na kuuona mkate wake mtamu kupita kiasi. Saiklameti ilionekana mwaka 1937 kwa sababu Michael Sveda aliweka sigara yake juu ya meza ya kazi kisha akairudisha mdomoni. Na sukralosi, mwaka 1976 mjini London, ilitokana na kijana Shashikant Phadnis, aliyeambiwa akipime kitu fulani, akasikia akionje.

Hadithi hizo zinapendeza, na pia zinaonyesha ni kwa nini watu wana hofu. Hivi havikuzaliwa kuwa chakula, na watu wana haki ya kuuliza vinafanya nini mwilini.

Hofu kubwa ni saratani, na ina historia. Miaka ya 1970 panya waliolishwa sakarini nyingi mno walipata saratani ya kibofu. Mwaka 1977 Kanada ikaipiga marufuku. Marekani ilitaka kufanya vivyo hivyo, wananchi wakapaza sauti, na Bunge likaamua bidhaa zenye sakarini ziandikwe onyo. Onyo hilo lilidumu mpaka mwaka 2000, baada ya wanasayansi kuonyesha jinsi ilivyotokea: mkojo wa panya dume, kwa namna ulivyo, hutengeneza chembechembe zinazoukwaruza ukuta wa kibofu pale sakarini inapozidi, na mkojo wa binadamu hauko hivyo. Miaka zaidi ya 20 ya hofu ilitoka kwenye kibofu cha panya. Siwalaumu waliohofu, walifuata ushahidi uliokuwepo, na ulipobadilika wakakubali kubadilika.

Sasa aspatemu. Julai 2023, simu yangu ilijaa ujumbe kutoka kwa ndugu: aspatemu inaleta saratani, WHO wamesema, mwambieni mama atupe paketi zote. Kilichosemwa kilikuwa na sehemu mbili, na iliyosambazwa ni moja tu. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, wenye makao Lyon nchini Ufaransa, uliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaweza kusababisha saratani, kwa ushahidi ambao wenyewe waliuita finyu. Katika kundi hilohilo kuna maji ya jani zima la mshubiri, ule mmea tulio nao nyuma ya nyumba. Wakati huohuo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula, iliyoundwa kwa pamoja na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, ilipitia ushahidi na kukibakiza kiwango chake cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kila siku, maisha yote.

Mtu wa Rufiji atalielewa hili upesi. Wakala wa Lyon uliulizwa kama mtoni kuna mamba, nao ukajibu kwamba huenda yupo, tumeona maji yakitikisika. Kamati ile ya pili iliulizwa mtu anaweza kuingia mtoni mpaka wapi. Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini anayechota maji ukingoni kwa kata na anayeogelea katikati hawako katika hatari moja.

Nilipiga hesabu kwa ajili ya mama. Ana kilo 64. Kiwango chake ni miligramu 2,560 kwa siku, na kwa paketi zenye miligramu 40 hiyo ni paketi 64. Yeye hutumia mbili. Kwa mtu wa kilo 70 anayekunywa soda zisizo na sukari, wataalamu wenyewe walikadiria angehitaji makopo 9 hadi 14 kwa siku ndipo avuke. Paketi hatukuzitupa.

Kuna kundi moja ambalo aspatemu ni hatari kwao bila mjadala: waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja fenilalanini, moja ya vitu vinavyoijenga aspatemu. Ndilo onyo linaloandikwa kwenye makopo.

Lakini kusema kitu si sumu si kusema kina faida, na hapa ndipo nisipokubaliana na wale wa upande wa pili. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ambao haukupata hata nusu ya kelele za Julai, ingawa kwa maoni yangu ndio unaowahusu watu wengi zaidi. Lilishauri watu wasitumie vibadala hivi, vya kutengenezwa na vya mimea pia, stevia ikiwemo, kama njia ya kupunguza mwili. Katika majaribio ya muda mfupi, waliobadilisha sukari walipungua kidogo tu. Katika tafiti zinazowafuatilia watu kwa miaka mingi, waliovitumia sana walionekana kupata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo.

Mambo hayo ya miaka mingi yasomwe kwa uangalifu, na Shirika lenyewe liliuita ushauri wake wa masharti. Anayekunywa soda isiyo na sukari kila siku, mara nyingi ni yule aliyekwisha kunenepa au kuonywa na daktari. Ugonjwa ulianza kumjia kabla ya soda. Hilo linahusu pia utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2022 uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 na kuona saratani ikizidi kidogo kwa waliotumia zaidi vibadala. Lakini si yote yanaelezeka hivyo. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwapa watu 120 wenye afya, wasio na mazoea ya vitu hivi, aina nne tofauti kwa wiki mbili. Sakarini na sukralosi zilibadilisha namna miili ya baadhi yao inavyoishughulikia glukosi, na zilivuruga bakteria wa matumboni. Kwa wengine hapakuwa na mabadiliko. Kwa hiyo ile hadithi kwamba vitu hivi hupita mwilini kama maji ndani ya bomba, haina budi kuachwa.

Mwongozo ule wa Mei una sentensi ambayo niliisoma mara tatu: hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mama hakuwa akitafuta kukonda. Alikuwa akitafuta njia ya kunywa chai bila kufikishwa kwenye 14. Kwa mtu wa namna hiyo, paketi iliyokaa mahali pa vijiko vitatu vya sukari ni nafuu inayopimika kwa kijiti siku ileile. Kwa kijana wa miaka 20 asiye na ugonjwa, anayeongeza soda "ya bila sukari" juu ya chipsi na soda ya kawaida, sioni inampa nini.

Shangazi hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alituletea stevia.

Stevia ni jani kweli. Waguarani wa Paraguay wamelitumia kwa karne nyingi kutamuisha vinywaji vyao, na hapa jirani, wakulima wa Kericho nchini Kenya wamelilima kwa ajili ya soko la nje. Lakini hapa neno "asili" hugeuka. Kilichopitishwa na wataalamu si jani. Mwaka 2008 kamati ileile ya viungio ilikubali dondoo lililosafishwa kiwandani, kwa kiwango cha miligramu 4 kwa kilo, na mamlaka ya Marekani mpaka leo hairuhusu jani zima wala dondoo lisilosafishwa kutumika kama kitamuisho. Safari ya kutoka kwenye jani mpaka kwenye unga mweupe ni ya maji moto, vichujio na kemikali, haina tofauti kubwa na safari ya muwa mpaka sukari nyeupe. Silisemi kwa ubaya. Dondoo lililopimwa linajulikana kiasi chake. Jani la kusaga nyumbani halijulikani.

Paketi ya shangazi ilikuwa na jani la kijani limechorwa mbele. Niliigeuza nyuma. Kitu cha kwanza kwenye orodha, maana yake kilichomo kwa wingi kuliko vyote, hakikuwa stevia, kilikuwa erithritoli. Hiki ni kilevi-sukari, jina la kikemia tu, hakilevyi. Kina utamu wa karibu theluthi mbili ya sukari, hakipandishi glukometa, na kwa miaka mingi kilisifiwa. Mwaka 2023 watafiti wa Cleveland, Marekani, walitangaza kwamba watu wenye kiwango kikubwa cha erithritoli katika damu walipata zaidi shambulio la moyo na kiharusi. Mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kidogo, kwa hiyo hilo peke yake lisingetosha. Lakini walipowapa watu wenye afya gramu 30, kiasi kinachoweza kuwa ndani ya kinywaji kimoja, kiwango kiliruka zaidi ya mara 1,000, na chembe sahani za damu zikawa nyepesi zaidi kugandana. Zailitoli, ndugu yake aliyemo kwenye bazoka zisizo na sukari, ilifuatia mwaka 2024 kwa matokeo yanayofanana. Kiasi kidogo cha kwenye bazoka hakinisumbui, na meno hunufaika; ila mwenye mbwa asiache bazoka hizo ovyo, zailitoli humuua mbwa. Vijiko vya erithritoli kila siku kwa mwanamke wa miaka 67 mwenye kisukari na presha ni jambo jingine. Nilimwomba shangazi tuiweke kando mpaka wajue zaidi. Alikubali, na nilimheshimu kwa hilo, maana alikuwa ameinunua ghali.

Ninaloliogopa zaidi kuliko paketi za mama liko nje ya geti la shule. Barafu za rangi, juisi za unga za kuchanganya kwenye ndoo, vitu vitamu kwa bei ya sarafu. Geuza pakiti ya unga wa juisi usome maandishi yaliyo madogo kama mayai ya chawa. Ukiona E950 ni asesulfamu, E951 aspatemu, E952 saiklameti, E954 sakarini, E955 sukralosi, E960 stevia. Mara nyingi utazikuta tatu au nne pamoja, kwa sababu zikichanganywa kila moja huficha uchungu wa mwenzake.

Chukua saiklameti. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1969; Ulaya na nchi nyingi nyingine zinairuhusu, kwa mipaka. Kiwango cha kamati ya kimataifa ni miligramu 11 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 hupaswa kuishia kwenye 165 kwa siku. Ulaya imeruhusu miligramu 250 kwa lita ya kinywaji, kwa hiyo hata kinywaji kilichofuata sheria, mtoto huyo akinywa theluthi mbili ya lita siku ya joto amefika mwisho. Na hapo ni kiwandani, penye mizani. Kwenye ndoo ya mchanganyaji wa mtaani mzani ni kijiko na ulimi wake. Kilo 64 za mama zinampa nafasi kubwa ya kukosea. Mwili wa mtoto hauna nafasi hiyo. Mzazi atakayeniuliza nitamwambia maji, maziwa, tunda; na ukwaju wa nyumbani wenye sukari kidogo inayoonekana ni bora kuliko utamu usiojulikana kipimo chake.

Nchi zilizotoza kodi ya vinywaji vya sukari, Uingereza na Afrika Kusini tangu 2018, zilifanikiwa kupunguza sukari chupani. Viwanda vingi vilijaza pengo kwa vibadala. Sukari ilishuka na utamu ukabaki palepale, na mtoto anayekua leo hajui kinywaji kisicho kitamu kina ladha gani.

Mama alijifunza upya ladha hiyo uzeeni. Hakuacha utamu kwa siku moja. Mtaalamu wa lishe pale kliniki alimwambia apunguze robo paketi kila wiki, na aongeze harufu. Basi birika lake sasa lina iliki zilizopondwa na maganda yake, mdalasini, mchaichai wa uani, na karafuu mbili. Iliki haina utamu, lakini pua huudanganya ulimi. Baada ya wiki kama saba alikwenda arusini, akapewa chai ya watu, akaishusha baada ya funda moja. "Hawa wametia sukari yote ya Kilombero," akaniambia. Ilikuwa chai ileile aliyokuwa akiipika yeye miaka 40.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna asubuhi nyingine.

Ilikuwa siku ya kliniki. Mama alikuwa amemeza kidonge chake cha glibenclamidi kwa mazoea, kisha hakula kwa sababu alijua atachomwa damu ya kufunga. Saa moja na nusu nilimkuta ameketi kitandani, jasho limemlowesha kanga, mikono inatetemeka, maneno yanamponyoka. Glukometa: 2.8. Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kumsindikiza, alikimbilia jikoni kabla sijasema neno. Alirudi na glasi ya maji aliyoikoroga kwa paketi nne za kaka, ndizo zilizokuwa karibu.

Paketi zile hazina cha kumwokoa mtu ambaye sukari imemshuka. Ulimi utasema tamu, na damu haitapata kitu. Hapo hutakiwa sukari yenyewe, gramu 15 hadi 20, vijiko vinne vya chai ndani ya maji, au soda ya kawaida nusu chupa. Kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Na aliyekwisha kupoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Nilipanda kigoda. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimekazana kwa kukaa muda mrefu bila kufunguliwa, nikakibandua kwa mpini wa kijiko. Mama alikunywa, nusu ikimwagika kifuani. Baada ya dakika 15: 3.9. Tukarudia. Ilipofika 5.6 aliomba kipande cha mkate, na akauliza kwa nini jirani analia.

Kopo halikurudi juu ya kabati. Linakaa kando ya birika, pamoja na boksi la paketi lililofika nusu, na mjukuu wake wa darasa la nne ameliandika kwa kalamu ya wino mzito, kuzunguka kifuniko chote: YA BIBI AKITETEMEKA.